Mara ya Mwisho Kuonekana

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kufuta watu.

Nilikuwa nimeajiriwa na mradi wa utafiti uliofuatilia wagonjwa wanaotumia dawa za kufubaza VVU katika kliniki moja ya mkoani. Kila mgonjwa alikuwa mstari mmoja kwenye kompyuta yangu: umri, jinsia, uzito siku ya kuanza dawa, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho kuonekana. Safu ya mwisho ilikuwa na tarakimu moja tu. Moja ilimaanisha amefariki. Sifuri ilimaanisha hatuna habari ya kifo chake: wengine walikuwa bado wanakuja kuchukua dawa, wengine walihama, wengine waliacha tu kuja na simu zao zikawa hazipatikani.

Swali letu lilikuwa rahisi kulitamka: anayeanza dawa akiwa amekonda sana anaishi muda gani, ukimlinganisha na aliyeanza mapema? Nilizitazama zile sifuri nikaona zinanivurugia hesabu. Utapigaje wastani wa miaka ya mtu ambaye hujui mwisho wake? Nikazichagua zote, nikazifuta, nikabaki na waliokufa peke yao. Hesabu ikatoka safi, na jibu likatoka la kutisha.

Msimamizi wangu, dada mmoja mpole, aliitazama skrini yangu kwa muda. Kisha akauliza, "Hawa wengine umewapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Na nyumbani kwetu Tanga swali hilohilo lilikuwa limekaa sebuleni kwa miaka, likiwa na jina la kaka yangu.

Siku ile dada alinipa makala ya mwaka 1972 iliyoandikwa na David Cox, mtakwimu Mwingereza. Nilikuwa nimelisikia jina hilo chuoni kama jina la kitufe kwenye programu. Sikujua kwamba lilikuwa la mtu aliyezaliwa Birmingham mwaka 1924, akasoma hisabati Cambridge, akafanya kazi kwenye taasisi ya utafiti wa ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akahamia Leeds kwenye utafiti wa sufu. Sufu, ndiyo. Mmoja wa watakwimu waliotumiwa sana na madaktari alianza na ndege na nyuzi: kitu kinahimili mzigo kiasi gani kabla ya kukatika? Mwaka 1955 aliandika kuhusu matukio yanayojirudia bila mpangilio, kama mashine ya kufuma inayosimama mara kwa mara. Hesabu zile leo hutumiwa na wanaochunguza chembe za ubongo zinavyorushiana ishara, na na wanaokadiria ni lini mkopaji atashindwa kulipa.

Ndani ya makala ya 1972 kuna mfano mdogo ulionishika. Ni wagonjwa 42 wa saratani ya damu waliokuwa wamepata nafuu. Nusu yao, 21, walipewa dawa, na 21 wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Katika kundi lisilo na dawa, ugonjwa uliwarudia wote 21. Katika kundi la dawa, uliwarudia 9. Wale 12 waliobaki habari zao zilikatikia njiani: mpaka mara ya mwisho walipoonekana, ugonjwa ulikuwa haujarudi.

Nilipoufikia mstari huo nilisimama. Kama ningekuwa mimi ndiye mwenye ile kompyuta, ningewafuta wale 12. Ningewafuta wale hasa ambao dawa ilikuwa ikiwasaidia.

Cox hakuwafuta. Njia yake, ukiivua alama za hisabati, iko hivi. Kila tukio linapotokea, simamisha saa. Waangalie wote waliokuwa bado wanafuatiliwa siku hiyo, kisha uliza: kati ya wote hawa, kwa nini yeye? Huna haja ya kujua hatari yenyewe inapanda au kushuka namna gani kadiri siku zinavyokwenda. Unatafuta tu hatari ya huyu ni mara ngapi ya yule, ukichukulia kwamba uwiano huo haubadiliki. Aliyepotea baada ya miezi 30 anahesabiwa pamoja na walio salama katika kila tukio lililotangulia siku hiyo. Baada ya hapo anatoka kwenye orodha. Hatangazwi kuwa amekufa, hatangazwi kuwa anaishi. Alichokishuhudia kinabaki.

Ukishaelewa hivyo, huoni ajabu kwamba wazo hilo lilivuka mipaka ya hospitali. Wahandisi walilitumia kwa mashine zinazoharibika. Wachumi walilitumia kuuliza mtu asiye na kazi hukaa muda gani kabla ya kuipata. Wanaochunguza uhalifu waliuliza aliyetoka gerezani hukaa muda gani kabla ya kukamatwa tena. Mwaka 2014 jarida la Nature lilipopanga makala 100 za kisayansi zilizonukuliwa zaidi katika makala nyingine, ile ya Cox ilishika nafasi ya 24. Fani zote hizo zilikuwa na shida moja: muda unahesabiwa, na kuna watu ambao hadithi zao zimekatwa kabla ya mwisho.

Kaka yangu aliondoka nyumbani mwaka 2010 kwenda Sauzi, kwa barabara, kupitia Msumbiji. Alikuwa akipiga simu kutoka Durban. Mara ya mwisho alipiga siku ya Idi, Agosti 2013, akamuuliza mama kama pilau imeiva. Mama akamwambia imeiva, njoo. Alicheka. Baada ya hapo namba ile haikupatikana tena.

Mwaka 2021 baba mdogo aliitisha kikao. Nyumba ya marehemu baba ilikuwa inauzwa, na mafungu yalipaswa kugawanywa. "Huyu kijana tumsomee hitima, tumalize," alisema. "Miaka imetosha."

"Maiti yake iko wapi?" mama akauliza.

Hakuna aliyejibu. Baba mdogo akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Kazi yako si ndiyo kuhesabu nani anakufa lini? Hebu tuambie."

Nikasema nilichofundishwa. Nikasema mpaka Idi ya 2013 alikuwa hai, na hilo tunalijua kwa hakika. Kuanzia siku ya pili yake hatujui. Hayo ni mambo mawili, na la pili halilifuti la kwanza. Nilihisi nimesema neno zito. Mama alinitazama kama mtu aliyepewa maji.

"Hilo si jibu, shikamoo yangu uirudishe," baba mdogo akasema, na watu wakacheka kidogo. Kikao kiliahirishwa.

Niliporudi kazini nilijiona nimeshinda, mpaka siku nilipomsimulia yule dada. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama nakumbuka sharti. Kila anayetumia njia ya Cox anachukulia kwamba anayepotea hana tofauti, kwa hatari yake, na mwenzake anayefanana naye aliyebaki. Kwenye kliniki zetu sharti hilo huvunjika mara nyingi. Tafiti za kuwatafuta waliopotea katika nchi za Afrika zimeonyesha kwamba wengi walikuwa wamekwishafariki, na wengine wanachukua dawa kituo kingine. Ndiyo maana mradi wetu ulikuwa na wahudumu wa pikipiki waliokwenda kubisha hodi. "Sifuri si mahali pa kupumzika," alisema. "Ninyi mlimtafuta?"

Hatukumtafuta. Baba mdogo alitaka kuandika moja, mimi na mama tulitaka kubaki na sifuri, na kila upande ulikuwa na sababu ya kutouliza.

Nilianza na vijana waliorudi kutoka Durban. Kila mtaa wa Tanga una mmoja au wawili. Nilikaa nao kwenye vijiwe vya kahawa, nikionyesha picha ya kaka kwenye simu. Wengi walitikisa kichwa. Januari 2022, wiki ileile niliyosoma kwamba Cox amefariki akiwa na miaka 97, nikampata mmoja aliyeishika simu kwa mikono miwili. Alisema walilala chumba kimoja karibu na bandari, mwaka 2016. Alitaja kovu la kaka kwenye nyusi ya kushoto kabla sijamuuliza. Alisema kaka alikuwa amekonda, alikuwa na aibu ya kupiga simu nyumbani bila kitu mkononi, na siku moja aliondoka na wenzake kwenda Cape Town. Basi.

Nilimwambia mama jioni ile, tukiwa jikoni. Alizima jiko kwanza.

"Kwa hiyo yuko hai?"

"Sijui, mama. Mwaka 2016 alikuwa hai."

Alihesabu kwa vidole, polepole, kutoka 2013. "Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu yote ile niliyokuwa nalia alikuwepo." Sikujua kama alikuwa anafurahi au anaumia, na nadhani naye hakujua. Aliniuliza kuhusu ule wembamba, nikamwambia kama nilivyoambiwa, bila kupunguza.

Nyumba iliuzwa. Baba mdogo alikubali fungu la kaka liwekwe, ingawa bado anasema tunajidanganya, na siku nyingine usiku naona huenda ana haki. Nina namba mbili za watu wa Cape Town. Moja haipokelewi. Nyingine aliipokea mwanamke aliyeniambia nitume picha, naye ataulizia.

Kwenye daftari langu, mbele ya jina lake, bado nimeandika sifuri. Tarehe ndiyo niliyoibadilisha.