Waulize Masika

Nimestaafu uafisa maendeleo ya jamii hapa Katesh, na vijana wenye shahada za sosholojia hunijia kuuliza kazi za utafiti zinapatikanaje. Utotoni nilichunga ndama chini ya Mlima Hanang, nikasoma, nikapelekwa Tengeru, chuo cha maendeleo ya jamii. Huko nilifundishwa kuandaa dodoso. Kuuliza nilifundishwa na mzee mmoja wa Kibarbaig, mkalimani wetu vijijini.

Mzee yule hakuruhusu mtu aulize idadi ya ng'ombe. Tulikunywa maziwa, tukaulizana habari za mvua, ndipo akasema: "Mama wa fahali huyu mwekundu yuko kwa nani?" Mwenye boma akaanza kutaja: huyo yuko kwa shemeji kule Balangida, ndama wake kwa rafiki Basotu. Hadi jua linazama tulikwishajua undugu, madeni na malisho ya ukoo mzima. Kwenye dodoso palikuwa na kisanduku kimoja tu: "Idadi ya mifugo."

Mkubwa wangu mmoja aliyaita hayo porojo. Alitaka fomu zijae kabla ya Ijumaa. Tulibishana hadi akahamishwa, na hoja yangu bado imesimama.

Ushahidi uko Basotu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali kwa msaada wa Kanada ilifungua mashamba ya ngano. Yakafika saba, takriban hekta 40,000. Wafugaji walikuwa wakilisha tambarare zile kwa zamu: mvua ikinyesha wanahamia, kiangazi wanaziacha zipumzike. Mtaalamu anayekuja kiangazi, barabara ikipitika, huona pori lisilo na mwenyewe. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO, shirika la umma lililoendesha mashamba hayo, kikashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, kisha kikashindwa Mahakama ya Rufani: hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kisheria. Nani alikuwa ameandika nani analisha wapi, na mwezi gani?

Vijana, vishikwambi mlivyohesabia sensa ya 2022 ni vizuri, lakini haviwachagulii msimu wala mtu wa kuuliza. Njooni na mabuti, wakati wa tope. Kaeni mpaka ng'ombe warudi. Na anayewalipa kwa fomu, mdaini posho ya masika kabla hamjatia saini.