Tulipomuuliza Mama wa Chapati



Mwezi wa Agosti 2023 tulifunga safari kutoka Kigali kwenda Kampala, baba, mama na watoto watatu. Binti yetu mkubwa alikuwa amepata nafasi Chuo Kikuu cha Makerere, nasi tuliona si vyema aende peke yake. Ni mwendo wa kilomita 500 hivi kwa basi, kupitia Gatuna, Kabale, Mbarara na Masaka.

Sisi ni watu wa Nyamirambo. Pale Biryogo mtu hutoka msikitini baada ya Alfajiri, akanywa chai ya maziwa na chapati, asimuulize mtu chochote. Mishikaki ya mbuzi tunajua imechinjwa na nani. Mazoea hayo yalitufanya wavivu wa kuuliza. Tulisahau kuwa hata hapa Kigali, ukitoka mtaani kwetu tu, baa nyingi huchoma mbuzi pamoja na akabenzi, yaani nguruwe.

Tulipofika Lukaya, wachuuzi walikimbilia madirisha ya basi na vijiti vya nyama, kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma. Watoto walililia nyama. Tuliwanunulia gonja tu, tukajiona tumeushinda mtihani.

Kampala tuliingia baada ya Isha, njaa imetubana. Karibu na nyumba ya wageni palikuwa na mkahawa umeandikwa "Halal" kwa herufi kubwa kwenye kioo. Baba akasema, "Bismillah, tuingie." Tukala kuku na chipsi mpaka tukashiba. Mtoto wetu wa mwisho alikwenda kunawa mikono nyuma, akarudi macho yamemtoka: "Mama, mbona kule wanachoma nguruwe?"

Tukamwita mhudumu. Wala hakuficha. Alisema wateja wao ni wa kila aina, jiko la kuchomea ni moja, na yale maandishi waliyakuta kwa mpangaji wa zamani. Hakuna aliyetudanganya. Hatukuwa tumeuliza.

Usiku ule binti yetu hakulala. Alituambia, "Ninyi mtaondoka keshokutwa. Mimi nitakula wapi miaka 3?" Tulikuwa tumembebea godoro, ndoo, mashuka na pasi ya nguo. Jibu la swali hilo hatukulibeba.

Asubuhi tulimweleza imamu mmoja yaliyotupata. Alitutuliza kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi, alete istighfari na siku nyingine awe makini. Kisha akatuambia tusimfundishe binti kuwaogopa watu, tumfundishe kuuliza.

Tukaanza siku ileile, Wandegeya, jirani na chuo. Tulisimama kwa mama mmoja anayekaanga chapati, rozari shingoni. Baba alitaka tupite. Binti akatangulia: "Shikamoo mama. Sisi ni Waislamu. Hapa tunaweza kula nini?" Yule mama akacheka, akajibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Rolex kula, ni chapati na mayai. Kikomando kula, ni chapati na maharage. Ile supu ya sufuria kubwa acha, nyabo, si yenu." Akatuonyesha na dumu la mafuta ya mimea anayokaangia, bila kuulizwa.

Tulikula pale tumesimama, na baba akanyamaza kwa muda. Jana maandishi ya kioo yalituponza, leo mama Mkristo ametulinda.

Adhuhuri tuliswali katika msikiti mkuu wa Old Kampala, ambao wengi bado wanauita msikiti wa Gaddafi. Baada ya swala tukawauliza waumini wao wanakula wapi. Wakatuelekeza chini ya kilima, Kisenyi, kwenye mikahawa ya Wasomali. Tulipata wali na nyama ya mbuzi, ndizi mbivu pembeni, na chai yenye iliki. Siku iliyofuata tukaonja matooke na mchuzi wa karanga, ambao Waganda wanauita binyebwa. Hapo tuligundua kuwa chakula kikuu cha wenyeji hakina shida yoyote kwetu. Matooke, viazi, karanga, maharage na samaki wa ziwani vipo kila mahali. Kinachohitaji kuulizwa ni nyama, mafuta na jiko.

Kabla ya kuagana, binti aliandika kwenye daftari lake mambo ambayo tungependa na wazazi wengine wawape watoto wao:

1. Ukifika mji mgeni, tafuta kwanza msikiti, kisha uliza wanaoswali wanakula wapi.
2. Usiridhike na maandishi ya ukutani. Uliza nani amechinja, na jiko ni moja au mawili.
3. Uliza kwa salamu na adabu. Anayeuza chakula si adui yako.
4. Ukikosa uhakika, kula mayai, samaki au maharage, lakini angalia mafuta na sufuria.
5. Jifunze jina la nguruwe katika lugha ya wenyeji. Kwa Kiganda ni embizzi.

Kituoni binti hakulia. Aliyelia ni mama yake. Wiki mbili baadaye alipiga simu kusema kuna msichana mgeni kutoka Bujumbura hostelini kwao, ambaye kwa siku 3 alikuwa akila biskuti tu kwa hofu. Alimshika mkono akampeleka kwa yule mama wa chapati.

Alhamdulillah. Hapo ndipo tulipolala usingizi.