Yatima wa Ngitili

Tukitoka Shinyanga kuelekea Geita hupita ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga kwa msimu ili nyasi zipate kurudi. Mradi wa HASHI ulianza kuyafufua mwaka 1986, na vichaka vikawa tena makao ya sungura, kalunguyeye na komba. Tukikaribia machimbo, hali hugeuka. Miti hukatwa iwe matimba ya kuegemeza maduara, na mti wenye tundu uangukapo, mtoto wa komba huanguka nao.

Watoto wetu humwokota, wakamnywesha maziwa ya ng'ombe, wakamfunga kamba mguuni. Huruma yao tunaiheshimu, kamba hatuikubali. Mtume (s.a.w.) aliamuru makinda yaliyochukuliwa yarudishwe kwa mama yao, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukaa na mnyamapori bila kibali.

Basi aliye mzima aachwe karibu na alipookotwa, juu kidogo, mbwa wasimfikie. Huenda mama akamrudia usiku. Aliyejeruhiwa asishikwe kwa mikono mitupu, kwani kichaa cha mbwa hakina mzaha. Awekwe kwenye boksi lenye matundu, penye joto na giza, apelekwe siku hiyo hiyo kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya. Anayetamani kumlea nyumbani, hapo ndipo pa kuulizia kibali.