Mpira Husema Kabla ya Kupasuka

Msafiri atokaye Goma kwenda Rutshuru huanza kupanda mara aachapo mji. Nyuma yake hubaki Ziwa Kivu, na ubavuni mwake husimama Nyiragongo, mlima wa moto wenye kimo cha meta 3,470. Akiisha kwenda kilometa karibu 30 hufika Kibumba, katika nyanda za juu, mbele ya milima Mikeno na Karisimbi, na mpaka wa Rwanda u karibu. Hewa ya huko ni ya baridi, na asubuhi ukungu hulala mashambani hata jua lipande.

Udongo wa Kibumba ni mweusi na una rutuba, kwa kuwa ulitoka tumboni mwa mlima. Kabichi, karoti na viazi hustawi humo, na watu wa Goma hushiba kwa jasho la wakulima wa huko. Lakini udongo huo huo haushiki maji. Mvua hunyesha ikazama, wala hakuna mto wa kuteka. Kwa hiyo lori katika Kibumba si chombo cha anasa: huteremsha mboga, tena hupandisha yale ambayo kijiji hakina. Mwezi Julai 1994, wakimbizi walipovuka kwa wingi kutoka Rwanda, mojawapo ya kambi zao kubwa ilikuwa hapa Kibumba, mahali pasipo maji, na kipindupindu kikaua maelfu katika kambi za Goma. Maji ya kunywa yaliletwa kwa malori ya matangi. Kila mtu ataona lori moja lililokwama njiani siku zile lilikuwa na maana gani. Nasema hayo ili msomaji asidhani kwamba habari za matairi ni habari za mafundi tu.

Mwaka 2019 nilipanda Kibumba katika lori lililokwenda kuchukua kabichi, nikateremka nalo jioni. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno machache, ambaye akina mama wachuuzi walimwita Papa Shofere. Kabla ya kuondoka alishika fimbo ngumu, akalizunguka lori, akilipiga kila tairi pigo moja na kusikiliza. Nilimwuliza maana yake.

“Mwalimu,” akajibu, “tairi lililojaa hulia kama ngoma iliyowambwa vema, lililolegea hunyamaza kama gunia. Lakini fimbo hulitambua lile lililolegea sana tu. Lililopungukiwa kidogo hutambuliwa kwa kipimo cha upepo.”

Watu wengi hudhani kwamba tairi hubeba mzigo kwa ugumu wa mpira wake. Sivyo. Mzigo hubebwa na upepo uliofungiwa ndani, na mpira ni kama kiriba chake. Upepo upunguapo, ubavu wa tairi hukunjika na kukunjuka kila gurudumu lizungukapo, ukapata moto, kama waya ukunjwao mara nyingi mikononi. Joto hilo huachanisha matabaka ya mpira na nyuzi zilizomo, na mwisho tairi hupasuka. Basi lile tuliitalo tukio la ghafula, mara nyingi lilianza kilometa nyingi nyuma.

Tena lori kubwa lina hatari yake ya pekee. Magurudumu yake ya nyuma huenda mawili mawili, kama ng’ombe wa nira moja. Moja lipotezapo upepo, mwenziwe hubeba mizigo miwili, gari lisilale upande, na dereva aketiye mbele asisikie kitu. Tena jiwe la zaha, ule moto wa mlima ulioganda, lina makali, nalo likikwama kati ya matairi hayo huyatafuna yote mawili.

Ndivyo ilivyotupata. Tulikuwa tumeteremka kitambo, mzigo umejaa, na akina mama wameketi juu yake. Dereva akaanza kutazama kioo cha pembeni mara kwa mara. Akapunguza mwendo, akafungua dirisha, akanusa. Mimi sikutambua neno lolote. Akasema, “Kuna mpira unaoungua,” akalipeleka lori polepole mpaka mahali pa tambarare. Msaidizi wake akaruka chini, akaweka mawe mbele ya magurudumu. Dereva akapitisha mgongo wa kiganja karibu na kila tairi, bila kuligusa. La nyuma upande wa kushoto, lile la ndani, lilikuwa limelegea, na joto lake lilimfikia kabla ya mkono wake kulifikia. Jiwe jeusi lilikuwa limebanwa katikati.

Hapo maneno yakaanza. Malori mawili yalitupita yakipiga honi. Mama mmoja akasema kutoka juu, “Papa Shofere, soko halingoji! Tairi ni moja tu, na mengine yapo. Twende polepole, tutafika.”

Maneno yake hayakuwa ya kipumbavu. Kabichi zile zilikuwa ada za shule za watoto wake, na afikaye sokoni wa mwisho huuza kwa bei ya chini. Dereva alimjibu kwa heshima: “Mama, tukichelewa utapata hasara ya siku moja. Hili la pili likipasuka mtelemkoni, ninyi mlio juu ndio mtakaotangulia kuanguka. Tafadhalini, shukeni.”

Wakashuka wakinung’unika. Kazi ilichukua saa moja na nusu. Walitoa kwanza upepo uliobaki, ndipo wakalegeza nati. Tairi lililolegea hawakulijaza tena, kwa maana tairi lililokwenda bila upepo huenda limekatika nyuzi za ndani, nalo likijazwa laweza kupasuka kwa nguvu ya kumwua asimamaye ubavuni. Tuliingia Goma usiku, soko limekwisha. Yule mama alifunika kabichi zake kwa turubai, akalala kando yake mpaka asubuhi.

Njiani dereva alinitajia dalili nyingine, nami naziandika kwa faida ya vijana wetu watakao kazi hiyo. Usukani ukivuta upande mmoja, tazama matairi ya mbele. Mtikisiko au sauti ya kupigapiga iendayo pamoja na mwendo wa gurudumu ni onyo. Gari likiwa zito kwenda bila sababu, simama utazame. Tairi la mbele likipasuka, shika usukani kwa nguvu zote, usikanyage breki kwa hofu. Acha gari lipunguze mwendo lenyewe, kisha litoe barabarani. Na katika mtelemko tumia gia ndogo, kwa sababu breki zikipata moto huupeleka mpaka kwenye matairi.

Mpira wenyewe una habari zake katika nchi hii. Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, aliyekaa Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Ulaya na Marekani zikaanza kuutamani mpira, na katika misitu ya Kongo, nchi iliyotawaliwa wakati ule na Mfalme Leopold II kama mali yake mwenyewe, watu walilazimishwa kuuleta. Wengi waliuawa, na wengine walikatwa mikono, hata utawala huo ukakoma mwaka 1908. Mpira wa kwanza ulilipiwa kwa damu ya watu wetu. Haifai ulipiwe kwa damu tena kwa sababu ya uzembe.

Ziko hatari ambazo mkulima wa Kibumba hana uwezo nazo. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na mto wake wa moto ukaikata barabara hii ya Goma na Rutshuru. Vita vilifika Kibumba mwaka 2013, na tena mwaka 2022. Mlima hatuwezi kuuziba kinywa, wala mkulima hawezi kuamuru majeshi. Lakini tairi lililochakaa twaliona, na jiwe lililokwama twaweza kulitoa.

Kwa hiyo wajibu haumwangukii dereva peke yake. Mwenye lori amtumaye dereva na matairi yaliyokwisha, akijua wazi, na aipime dhamiri yake mbele ya amri ya tano, kwa maana mtu aweza kuua bila kushika silaha. Naye abiria ampigiaye dereva kelele asisimame, anashiriki katika hatari ya wote walio pamoja naye. Wazee walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende. Tumwombe Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri. Na tukiisha kuomba, tushuke tuyatazame magurudumu.