Mae West Hakuwa na Haraka

Niliingia chuo nikiwa na miaka 29, baada ya kuuza saruji na misumari dukani Morogoro kwa miaka saba. Wiki ya kwanza tu darasa likanibatiza: Shangazi. Sikukasirika, maana wapwa kweli ninao. Kilichonitesa ni prezentesheni. Mimi naongea polepole tangu utotoni. Muhula wa kwanza, nikiwa katikati ya kazi ya kikundi, mtu wa nyuma akapiga mwayo kwa sauti, wengine wakadakia. Nikakaa chini bila kumaliza. Tangu siku ile kila kikundi nilichopangiwa niliomba kuchapa tu, kuongea waongee wengine.

Mwenzangu wa chumbani anasoma sanaa za maonyesho, na flashi yake imejaa filamu za kale ambazo hakuna anayemwazima. Usiku mmoja akaweka Night After Night, ya 1932. Staa ni George Raft, na kusema kweli nilishaanza kusinzia. Mara akaingia mwanamke kajaa almasi, anatembea kama mwenye nyumba. Binti anayepokea makoti anaziona zile almasi, anashangaa kwa kutaja "wema", kama sisi tunavyosema "Mungu wangu!" Mae West anamjibu kwamba wema haukuhusika hata kidogo. Kisha huyo, anapanda ngazi zake taratibu.

Niliirudisha nyuma mara nne.

Maneno yenyewe hayana matusi. Dawa iko kwenye ule utaratibu wake. Anakupa muda wa kufikiria mabaya mwenyewe, yeye anabaki mikono safi. Marehemu bibi yangu alikuwa hivyohivyo: ugomvi na jirani aliumaliza kwa kanga aliyoivaa siku hiyo, mdomo kaufunga.

Nikaanza kumfuatilia. Ile ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza, na ilipotoka alikuwa na miaka 39. Hebu fikiria, 39, Hollywood! Walimpa sehemu ndogo, akakataa maneno waliyomwandikia, akajiandikia yake. Raft alikuja kusema kwamba mama huyo aliiba kila kitu isipokuwa kamera. Mwaka uliofuata akatoa She Done Him Wrong, iliyotokana na tamthilia yake mwenyewe. Ina dakika 66 tu, na ikateuliwa kugombea Oscar ya filamu bora.

Wala hakuanzia hapo. Mwaka 1927, New York, alihukumiwa siku 10 jela kwa sababu ya mchezo wa jukwaani aliouandika, eti unaharibu maadili. Akatumikia siku nane. Zile mbili alipunguziwa kwa tabia njema!

Kuanzia 1934 wakaguzi wa filamu walimbana kweli, na kazi zake za baadaye mimi naziona zimepoa. Lakini mtu aliyeandika maneno yake mwenyewe, akayasema kwa mwendo wake mwenyewe, mimi ananitosha.

Mwezi uliopita kikundi chetu kilipangwa kuwasilisha. Msemaji wetu akaugua malaria, wote wakaniangalia mimi. Nikasimama. Mikono ilitetemeka, siwezi kudanganya. Kwenye slaidi ya tatu nikasikia sauti ileile ya nyuma:

"Shangazi, fanya haraka, tunazeeka huku!"

Darasa likacheka. Zamani ningekaa. Safari hii nikaweka karatasi mezani, nikarekebisha miwani, nikamtazama. Nikasubiri mpaka kicheko kikaisha chenyewe na watu wakaanza kusikia feni.

"Karibuni," nikasema. "Nafasi ipo."

Walicheka mpaka mhadhiri akafunika uso kwa daftari la mahudhurio. Yule kijana naye alicheka, tena sana. Waliponyamaza nikachukua karatasi yangu, nikaenda slaidi ya nne. Zilikuwa kumi na moja.