Wewe ni wa Ruiru na Unabeba Kahawa ya Sacheti?

Wacha niseme ukweli hata kama mtanikasirikia: mtu wa Thika ama Ruiru kwenda kambini na kahawa ya kukoroga ni aibu. Najua, kwa sababu huyo mtu nilikuwa mimi.

Si tumezungukwa na kahawa jamani? Kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapa Ruiru. Ile aina inaitwa Ruiru 11, iliyotolewa mwaka wa 1985 ili kupigana na magonjwa ya kahawa, imebeba jina la mtaa wetu mbali sana. Lakini uliza mbogi yako nani amewahi kunywa kahawa ya buni. Kahawa yetu nyingi inapanda meli Mombasa, sisi tunabaki na unga.

Desemba tulipanga kulala Kilimambogo, watu watano, hema mbili. Nikipakia begi, shosho akaona sacheti zangu. Shosho alichuma kahawa kwa mashamba ya Ruiru miaka mingi, akilipwa kwa debe. Nikamuuliza, "Shosho, kahawa ya shamba ilikuwa na ladha gani?"

Akanyamaza kidogo. "Sijui, mjukuu wangu. Tulikuwa tunachuma, hatukuwa tunakunywa."

Manze, hilo jibu lilinikaa. Sacheti nikaziacha. Nikanunua robo kilo ya buni zilizokaangwa, nikabeba kinu kidogo cha jikoni.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa vituko. Kinu kilikuwa kimezoea kitunguu saumu. Halafu tukachemsha kahawa kama majani ya chai, dakika kumi nzima. Tulikunywa dawa chungu yenye harufu ya pilau. Beste yangu mmoja akamwaga yake nyuma ya hema akidhani sioni.

Asubuhi ya pili nikatulia. Buni nikazifunga kwa kitambaa safi, nikazigonga na jiwe hadi zikawa chengachenga, sio unga. Maji yakachemka, nikatoa sufuria kwa moto, nikangoja kidogo. Kisha vijiko viwili vikubwa kwa kila kikombe, koroga mara moja, funika dakika nne. Mwisho nyunyiza maji baridi kidogo juu, machicha yashuke chini. Mimina polepole na usimalize sufuria, ya chini ni matope. Hakuna mashine, hakuna kichungi.

Ile harufu ilitoa watu kwa hema bila kuitwa. Hata yule wa kumwaga aliomba kikombe cha pili.

Nilirudi nyumbani na buni kidogo, nikampikia shosho vile vile. Akanusa kwanza. Akaonja. Akaweka sukari vijiko vitatu. Akasema, "Ni chungu." Kisha akasukuma kikombe kwangu: "Niongeze."

Sisemi chai ni mbaya, hata leo nimekunywa mbili. Nasema tu kwamba mashamba mengi aliyochuma shosho sasa ni ploti na maghorofa, na kuna watu kwenu waliojaza madebe bila kuonja hata tone. Ukienda Fourteen Falls ama Kilimambogo, beba buni. Ukirudi, mpikie yeye wa kwanza.

Na tafadhali, kinu kioshe.