Boksi la Mkate na Mbaazi za Nazi

Kazi yangu ya kwanza katika Jeshi la Anga la Marekani ilikuwa kupanga nyama kwenye mikate. Mwaka 2001, mimi mzaliwa wa Majengo, Mombasa, nilikuwa na kibali cha ukaazi tu, uraia sina. Nikapangiwa jikoni, kwenye kile chumba kinachofungasha chakula cha wanaoruka. Saa tisa za usiku tumesimama mezani na glavu: mkate, nyama, jibini, mkate. Kisha pakiti ya krispi, tufaha, chokoleti, kopo la soda. Funika, andika namba ya safari, leta jingine. Na wanaodhani askari hulishwa bure wajue kwamba mwenye kuruka kwa kawaida hulipia boksi lake mwenyewe. Kwa hiyo akija dirishani kulalamika, huja kama mteja, tena mteja asiyelala.

Jambo moja hatukuthubutu kulikosea: rubani na msaidizi wake wasile kitu kimoja. Nyama ikiwa imeharibika, abaki angalau mmoja mzima wa kuitua ndege. Huyu nguruwe, yule bata mzinga. Nilikuwa nikiyatia alama maboksi yale kwa uangalifu kuliko ninavyoandika jina langu.

Julai 2002 Rais George W. Bush alitoa amri ya kuharakisha uraia kwa waliokuwa jeshini tangu Septemba 11. Nami nikaupata, na kwa uraia ule nikaweza kuomba kazi ya hewani. Nikawa lodimasta, yaani msimamizi wa shehena, kwenye C-17. Dege lote lile, lenye uwezo wa kubeba kifaru, katika safari ya kawaida lina watu watatu wa kuliendesha: marubani wawili juu, mimi chini na mizigo. Tulikuwa tunaruhusiwa kuwa kazini saa 16, na tukiongezewa marubani, saa 24. Katika saa hizo unakula kifungua kinywa mara mbili na chakula cha jioni usikione kabisa.

Ndipo nilipoyafahamu maboksi yangu kwa upande wa pili. Mkate uliofungashwa usiku, ukiuuma ukiwa juu ya Atlantiki, ni kama kuuma sifongo. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno, pua inakauka, chumvi na sukari hazisikiki ulimini kama zinavyosikika chini. Nikajilaumu kwa haradali yote niliyoibana nilipokuwa jikoni.

Lakini boksi lilikuwa na raha yake, nayo ni biashara. Jiko la ugenini likitupatia maboksi ya nguruwe tu, mimi Mwislamu nilikuwa tajiri. Mkate wangu mmoja ulinipatia tufaha la rubani, chokoleti ya msaidizi wake na jibini juu yake. Wanazuoni wanisamehe, sikuita mauzo, niliita zawadi inayosubiri zawadi. Pakiti zile za jeshi za kukaa miaka tulikuwa nazo pia, ila mfuko wake wa kupashia moto ukitiwa maji hutoa gesi ya haidrojeni, na hakuna mwenye akili anayetaka haidrojeni ndani ya ndege. Ukizila, unazila baridi.

Sasa nije kwenye mbaazi. Jumapili moja nilipatwa na hamu ya nyumbani, nikapika mbaazi za nazi na mahamri, nikala asubuhi, nikarudia jioni. Jumatatu tukapanda kuwaangusha askari wa miamvuli kutoka juu sana. Kazi hiyo huanza kwa kuvuta oksijeni tupu ili nitrojeni itoke mwilini, halafu shinikizo la hewa ndani ya ndege hushushwa lilingane na la nje kabla ya kufungua mlango wa nyuma. Darasani tulifundishwa: kwenye futi 18,000 shinikizo ni nusu ya lile la usawa wa bahari, hivyo gesi iliyofungiwa huvimba mara mbili. Nilikuwa nimelijibu swali hilo vizuri kwenye mtihani. Sikulihusisha na mbaazi.

Na sisi tulikuwa juu zaidi ya hapo. Tumbo lilikaza kama ngoma iliyowambwa juani. Nilishika kamba ya ukutani, nikiwa nimejikunja, huku sauti ya rubani masikioni ikiniuliza kama niko tayari. Niliachia nilichoweza kuachia. Kilichowasitiri wenzangu ni zile barakoa za oksijeni.

Nilipompigia mama kumsimulia, hakucheka. “Mbaazi zina makosa gani, mwanangu? Wewe ulikula mara mbili.”

Wapo wenye shida kubwa kuliko yangu. Marubani wa U-2, ndege ya upelelezi inayopita juu ya futi 70,000, huvaa suti na kofia isiyovuliwa safari nzima. Chakula chao ni laini kama cha mtoto mchanga, kimewekwa kwenye mirija ya chuma mfano wa ile ya dawa ya meno. Hupashwa moto humohumo ndegeni na kunyonywa kupitia tundu la kofia. Upo hata wa chokoleti yenye kafeini. Mimi nilikuwa na mkono wa kushika tufaha. Sikuwa na haki ya kununa.

Kufikia miaka yangu ya mwisho, maboksi yalikuwa yamepungua mikononi mwetu. Jiko la kituo chetu lilipunguziwa saa, vijana wakaja na mabegi yao ya barafu: wali na kuku, mboga za kuchemsha, vyombo vya kupasha kwenye oveni ndogo ya ndege. Wanakula vizuri kuliko tulivyokula sisi, hilo silipingi. Ila hakuna anayembadilishia mwenzake kitu. Kila mtu ana chake, anakila akitazama simu yake.

Nilistaafu 2021. Safari yangu ya mwisho iliangukia Jumapili, jiko limefungwa, nikabeba mahamri manane. Mbaazi nilizila baada ya kutua.